Acheni Ziwa Lijibu: Barua ya Wazi kwa Wasimulizi wa Michezo ya Mezani

Bondo, Kaunti ya Siaya

Kwenu wasimulizi wa michezo ya kuigiza mezani, mnaoketi na wachezaji Bondo, Usenge, Siaya, Kisumu na kote kandokando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria,

Nawaandikia kuhusu uganga mmoja mdogo ambao umezua ugomvi mwingi kuliko joka lolote katika meza nilizowahi kuketi, na ambao naamini tunautendea vibaya. Kitabu cha Kiingereza kinauita Shape Water. Sisi tunauita Finyanga Maji. Ni uganga wa matumizi, si wa vita. Haumuui mtu, hauchomi kitu, hauvunji mlango. Ndiyo maana wengi wenu huupuuza mpaka siku mchezaji atakapoutumia kwa namna ambayo hamkuitarajia, na hapo mambo huharibika kwa njia mbili. Msimulizi mmoja hukata palepale: hapana, kitabu hakikusema hivyo. Mwingine hukubali kila kitu kwa kuwa wazo limemfurahisha, na baada ya vikao viwili vitatu mganga huyo mmoja anafanya kazi ya wenzake wote, nao wamebaki kumtazama. Ninachowaomba ni kwamba mipaka ya uganga huu isomwe kwa sauti kabla mchezo haujaanza, ishikwe bila kulegezwa wala kukazwa katikati ya safari, na ndani ya mipaka hiyo mchezaji aachwe afikiri kwa uhuru huku ziwa, soko na watu wa bichi wakimjibu.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi katika meza kama hizi: mchezo wenyewe ni hadithi inayotungwa na watu kadhaa kwa pamoja. Msimulizi anaeleza mahali na yanayotokea. Kila mchezaji ana mhusika wake na anasema mhusika huyo anafanya nini. Penye shaka, kete yenye pande 20 inaamua. Dungeons & Dragons, ulio maarufu kuliko michezo yote ya aina hii, ulichapishwa mwaka 1974. Waliouunda ni Gary Gygax na Dave Arneson, na ulitoka katika mji mdogo wa Marekani uitwao Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, nao pia uko kando ya ziwa. Mchezo huu haukutukuta mikono mitupu. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walikusanyika usiku kusikiliza sigana, yaani hadithi, wakiuliza, wakiitikia, wakidai sehemu waliyoipenda irudiwe. Mtoto aliyelelewa hivyo anajua tayari kwamba hadithi nzuri ina sheria zake.

Sasa sheria za uganga wenyewe. Finyanga Maji uliingia katika toleo la tano la mchezo mwaka 2015 kupitia kijitabu cha nyongeza, kisha ukachapishwa tena mwaka 2017 katika Xanathar's Guide to Everything. Mganga anatumia ishara za mkono tu. Hasemi neno, wala hahitaji dawa au kifaa. Maji yawe mahali anapoyaona, ndani ya futi 30, yaani kama mita 9. Kiasi kisizidi mchemraba wa futi 5 kila upande. Kwa maji hayo anachagua jambo moja kati ya manne. Anaweza kuyasogeza au kugeuza mkondo wake kwa futi 5 kuelekea upande wowote, bila nguvu ya kumuumiza mtu. Anaweza kuyapa umbo rahisi na kuyachezesha. Anaweza kubadili rangi yake au kuyafanya yaonyeshe ama yasionyeshe, ila yote yabadilike kwa namna moja. Au anaweza kuyagandisha, mradi hamna kiumbe ndani yake. Hayo matatu ya mwisho hudumu saa moja, na hawezi kuwa na zaidi ya mawili yanayodumu kwa wakati mmoja.

Kinachowatia wasimulizi hofu ni kwamba uganga huu hauishi. Katika matoleo ya zamani mganga aliufanya uganga wake mara moja ukamtoka kichwani, wazo ambalo waundaji waliliazima kutoka kwa hadithi za Jack Vance. Toleo la tano linaruhusu uganga mdogo kurudiwa kutwa nzima. Na mchemraba huo si mdogo hata kidogo. Futi 5 kwa 5 kwa 5 ni takriban lita 3,540. Ukijaza katika mitungi ya lita 20 unapata mitungi 177. Zamu moja ya mchezo ni sekunde 6. Mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye kioski cha maji, mtungi wake ukiwa wa thelathini katika mstari, anaelewa mara moja ni nini kimewekwa mkononi mwa mganga wa daraja la kwanza.

Hebu tuanze na chombo, kwa sababu hapo ndipo nilipouona uganga huu ukifanya kazi nzuri kuliko mahali pengine pote. Wahusika wako katika mashua ya mbao kati ya Usenge na kisiwa cha Mageta. Upepo umegeuka, mawimbi yanaingia, ubao mmoja umeachia. Mchezaji anasema: nayasogeza maji yaliyo ndani ya mashua futi 5 kwenda juu na nje. Msimulizi asipojua mashua atasita. Anayejua atakubali, kwa kuwa ubavu wa mashua zetu haufiki mita moja na nusu, na maji yaliyomo sakafuni yanaingia katika mchemraba mmoja au miwili. Kitabu hakikatazi. Sharti la viumbe linahusu kugandisha tu, kwa hiyo miguu ya watu iliyo majini si kizuizi. Mganga amefanya kwa sekunde 6 au 12 kazi ya kijana mwenye kopo anayekumba maji tangu safari ianze.

Lakini tundu halijazibwa. Zamu ijayo maji yanarudi, na ijayo tena. Mganga sasa amefungwa kwenye kazi ya kukumba. Hawezi kupiga kasia, hawezi kumtibu aliyeumia, hawezi hata kutazama nchi kavu iko wapi. Kama mchezaji ni mwepesi atasema: basi nayagandisha maji yaliyo penye ufa. Hilo nalo linawezekana, kwa maji ya ndani yasiyo na kiumbe, nalo linampa saa moja. Saa moja kutoka Mageta hadi nchi kavu katika upepo mbaya ni swali la kweli, na sasa kila mchezaji mezani ana la kufanya: nani anashika usukani, nani anapiga kasia, nani anatupa mzigo majini, nani anahesabu muda. Uganga haukuimaliza hatari. Umewapa watu nafasi ya kupambana nayo. Waliowahi kumsubiri mvuvi ambaye hakurudi wanajua kwamba jambo hili si mzaha, nami naomba msimulizi anayepeleka wahusika ziwani alipe ziwa heshima yake.

Sasa barafu, ambayo ndiyo kesi kubwa. Mchezaji yeyote aliyekulia Usenge, Uhanya au Wichlum atafika hapo haraka kuliko aliyeandika kitabu. Kwa joto la mchana la bichi zetu, mbuta aliyetolewa majini alfajiri hafiki jioni akiwa anafaa bila barafu. Barafu huja kwa lori, na lori likichelewa, mnunuzi ndiye anayepanga bei, kwa sababu mvuvi hawezi kungoja na mama samaki hawezi kungoja. Kanuni ya kuhifadhi samaki katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki. Mchemraba mmoja wa Finyanga Maji ni tani tatu na nusu. Miwili ni tani saba. Kijana anakokotoa hesabu hii kichwani, macho yanang'aa, anamwambia msimulizi: nitauza barafu.

Nimewaona wasimulizi wakimkatia kijana huyo kwa kusema ataharibu uchumi wa hadithi. Jamani, msimkatie. Msomeeni tena maneno ya uganga na mwacheni akutane nayo moja moja.

La kwanza, kiumbe. Maji ya ziwani yamejaa viumbe: fulu, omena, konokono, mabuu, na vidogo visivyoonekana kwa macho. Je, msimulizi ahesabu vipi? Mkihesabu kila kijidudu, hakuna maji duniani yatakayoganda na mmeuua uganga kwa hila. Mkisema samaki tu ndio viumbe, mmefuta sharti lote. Uamuzi wangu, na nautetea, ni kwamba kiumbe ni kile mtu mwenye macho mazima anachoweza kukiona akiyachota maji kwa viganja. Kwa kipimo hicho maji ya ufuoni hayagandi, na tangi lenye viluwiluwi vya mbu haligandi. Maji yaliyochujwa kwa kitambaa yanaganda. Maji ya mvua kutoka paa la mabati, yaliyofunikwa vizuri, yanaganda. Ghafla hadithi ina mambo: nani ana tangi kubwa katika kijiji hiki? Shule? Kanisa? Atakubali kuyatoa kwa bei gani, na mwezi gani? Aprili maji ya paa yapo tele. Februari mwenye tangi atakufukuza, naye ana haki.

La pili, saa moja. Kutoka Usenge kupitia Bondo hadi Kisumu, lori lililobeba mzigo linazidi saa moja. Barafu hii haiyeyuki polepole kama barafu ya kiwandani. Muda ukifika inarudi kuwa maji, yote kwa pamoja, na samaki wanabaki wameoga. Kwa hiyo mganga hawezi kuuza barafu akabaki nyumbani. Lazima apande lori, akae nyuma na masanduku, na afanye uganga tena kabla saa haijaisha, kila safari, kila siku. Na akiwa huko barabarani, hayuko bichi. Mchezaji aliyedhani amepata utajiri wa bure amepata kazi ya utingo. Pengine ataipenda, na kama ataipenda, mpeni vikao viwili vya barabara hiyo, vizuizi vyake, matope yake na mazungumzo yake.

La tatu, bonge. Uganga unatoa bonge moja kubwa, na samaki hawahifadhiwi chini ya bonge. Barafu lazima ipondwe iguse kila upande wa samaki. Nani anaiponda? Vijana wenye nyundo, nao wanataka malipo. Hapo mezani kwenu ataingia mhusika mwingine asiye na uganga wowote, mwenye nguvu za mikono, akawa wa lazima. Sijawahi kuona kanuni iliyotungwa makusudi ikisawazisha wachezaji vizuri kama ukweli huu mmoja wa biashara ya samaki.

Kuna la nne, ambalo halimo kitabuni bali liko bichi: watu. Tangu kanuni za mwaka 2007, bichi za wavuvi Kenya zina kamati za usimamizi, zile tunazoziita BMU, zinazoandikisha wavuvi na vyombo. Barafu mpya ikishuka bila mwenyekiti kuambiwa, kutakuwa na kikao. Mwenye lori la barafu ya kiwandani atakuwepo. Mama samaki watakuwepo pia, nao kwa mara ya kwanza hawalazimiki kukubali bei ya kwanza waliyopewa. Msimulizi anayeogopa kwamba uganga utavunja uchumi anaikimbia sehemu ya hadithi ambayo wachezaji wetu wangeikumbuka kwa miaka. Bei ya samaki ikiguswa, kila mtu mezani ana maoni, kwa sababu kila mtu ana shangazi anayeuza samaki.

Nimekaa sana kwenye barafu kwa kuwa inaonyesha kile ninachokipigania. Hakuna mpaka hata mmoja hapo uliotungwa na msimulizi kumzuia mchezaji. Yote ilikuwepo: mingine katika maneno ya uganga, mingine katika nchi.

Kuna matumizi mengine ambayo hayanipi furaha. Uganga huu unaweza kuyafanya maji ya matope yaonekane maangavu kwa saa moja. Yaonekane tu. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi, na maji yanayong'aa yanaweza kubeba kifo sawa na yale ya udongo. Katika mchezo huohuo uko uganga mwingine wa kusafisha chakula na kinywaji. Huo unaondoa sumu na maradhi kweli, lakini ni wa daraja la juu zaidi na unamgharimu mganga sehemu ya nguvu zake za siku, au dakika kumi za ziada akiufanya kwa ibada. Tazameni jinsi mambo yalivyopangwa: kusafisha kweli kuna gharama, kusafisha machoni hakuna. Mchezaji mwenye tamaa ataliona hilo. Atasimama sokoni na mitungi ya maji yanayometa.

Msimulizi asimzuie kwa kubadili kanuni, na asijifanye kwamba maji yamekuwa salama ili hadithi isonge. Amwambie wazi, kabla hajauza mtungi wa kwanza, kwamba mhusika wake anajua maji haya hayajachemshwa wala kutiwa klorini. Kila mtu aliyekulia kando ya ziwa anajua tofauti hiyo. Akiuza baada ya kujua, matokeo yafuate. Lakini kabla ya matokeo, msimulizi aulize meza yake kama iko tayari kuyacheza, kwa sababu huenda kuna mtu pale aliyemzika ndugu kwa ugonjwa huo. Na haya si maafa ya kijiji kimoja tu. Mwishoni mwa 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu, na zuio hilo likaingia hadi 1998. Maji machafu yaliwanyima kipato watu ambao hawakuwahi kuugua. Msimulizi anayetaka kuonyesha uzito wa tendo moja dogo ana mfano wa kweli wa kufuata.

Kuhusu magugu maji nitasema kwa ufupi. Wachezaji wa Kisumu hasa hupenda kuuliza kama Finyanga Maji unaweza kufungua njia katika Ghuba ya Winam magugu yanapoifunika. Kitabu kiko kimya kuhusu vitu vinavyoelea. Mimi nasema kinachoelea huru husogea na maji yake, futi 5 kisha husimama. Gugu lililo pembezoni litasogea. Mashua iliyonaswa ukingoni itachomoka. Mkeka wenyewe wa magugu, uliofungamana mizizi kwa eneo kubwa kuliko mashamba, hautapasuka, kwa kuwa uganga hauna nguvu ya kuumiza kitu. Na kitakachotolewa asubuhi, upepo utakirudisha jioni. Mchezaji akiwa hodari ataacha uganga na kuuliza kuhusu fukusi, wale wadudu walioachiliwa ziwani miaka ya 1990 wayale magugu. Hilo ni wazo bora kuliko uganga wake, linataka miaka badala ya sekunde, na msimulizi mzuri atampa.

Jambo moja la adabu pia. Uganga huu hauna maneno. Mtu amesimama ufuoni, kimya, anapunga mikono, na maji yanamtii. Katika vitabu vya Marekani wapita njia hushangaa kidogo kisha huendelea na safari zao. Kwetu watu watauliza mtu huyu ni wa ukoo gani, na akifanya hivyo usiku kuna neno watakalomwita, jajuok, ambalo halisahauliki likishatamkwa. Katika nchi hii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Msiligeuze jambo hilo kuwa kichekesho cha mezani, na msilitumie kumwadhibu mchezaji aliyewashinda kwa akili. Likiingia, liingie kwa uzito: mhusika ajulishe wazee mapema, atafute mwenyeji wa kumsemea, afanye kazi yake mchana mbele ya watu. Huo nao ni mpaka, na ni mpaka ambao mchezaji anaweza kuuvuka kwa subira na maneno mazuri bila kurusha kete.

Wako watakaosema kwamba mipaka mingi hivi inamnyima mchezaji raha. Nawajibu kwa hadithi tunazozijua sote. Luanda Magere wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya maadui wake, Lang'o, iligonga ikaanguka. Kama hadithi ingeishia hapo hakuna mtoto angeiomba tena. Tunaipenda kwa sababu ya kivuli chake, mahali pekee alipoweza kuumizwa. Na kivuli hakikubuniwa mwishoni na msimulizi aliyechoshwa na ushindi wa shujaa wake. Kilikuwepo tangu mwanzo, kikitembea kando yake kila siku juani, hadi mke aliyetoka kwa maadui alipoambiwa achanje hapo ili dawa imwingie mumewe. Nyamgondho wuod Ombare naye alivua mwanamke ziwani, mwanamke akaleta ng'ombe, na sharti likawa heshima. Alipomtukana akiwa amelewa, mke na mifugo walirudi majini. Msikilizaji hakuweza kusema ameonewa.

Hicho ndicho ninachokitaka mezani: mpaka uliokuwepo kabla ya mchezaji kuugusa. Msimulizi anayetunga kizuizi papo hapo, kwa sababu wazo la mchezaji limeharibu mpango wake wa jioni, anavunja ahadi. Mchezaji huyo atajifunza kutofikiri. Kikao kijacho atasema tu napiga kwa upanga, na kinachofuata atasema hivyo tena, kwa kuwa upanga haukataliwi. Nimewaona vijana wenye akili kali wakizimika namna hiyo, na inaniuma.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga hapa Bondo wanatoka pande nyingi za Kenya. Aliyekulia Wajir na aliyekulia Mageta hawayaoni maji kwa jicho moja. Wa Wajir atauliza mara moja kama anaweza kuyasogeza maji kutoka kisima kirefu, futi 5 kwa futi 5, mpaka yafike juu. Na jibu ni ndiyo, mradi anayaona na hayako zaidi ya futi 30 kutoka alipo, na mradi kuna mahali pa kuyashikilia kila anapoyapandisha, la sivyo yatarudi chini. Kwa hiyo atahitaji kujenga vidaraja ukutani mwa kisima, na tayari tuna hadithi ya mafundi. Wa Mageta hangelifikiria hilo kamwe. Msimulizi ambaye anajua kitabu tu, na hajui kisima wala mashua, awaamini wachezaji wake wanapomweleza jinsi vitu vinavyofanya kazi. Mtoto wa mvuvi akisema omena hawavuliwi hivyo, hawavuliwi hivyo. Usibishane naye kwa sababu wewe ndiye umeshika kitabu.

Basi naomba haya, na si mengi. Kikao cha kwanza, someni maneno ya uganga huu kwa sauti na mwamue pamoja kuhusu kiumbe, kuhusu kinachoelea, na kuhusu barafu iliyopondwa kama bado ni ya mganga au imemtoka. Mimi nasema bado ni yake mpaka saa iishe. Andikeni maamuzi katika daftari linalokaa mezani, ambalo kila mchezaji anaweza kulifungua. Mchezaji akileta wazo, swali lenu la kwanza liwe: maji gani, yako wapi, ya nani? Katika nchi yetu maswali hayo matatu huwa yana majibu, na majibu hayo yatafanya nusu ya kazi yenu. Uamuzi ukionekana mbaya, ubadilisheni kati ya vikao, mbele ya wote, na aliyetegemea uamuzi wa zamani apewe nafasi ya kupanga upya. Na anayecheza mganga akumbushwe kwamba wenzake nao wamekuja kucheza. Wazo zuri ni lile linalompa kazi na mwenye nyundo.

Wasimulizi wa Kisumu wataamua tofauti na wa Bondo, na wa Usenge tofauti na wote. Sioni ubaya. Mchezaji anayehama meza aonyeshwe daftari kabla hajachagua uganga wake. Daftari letu liko wazi kwa yeyote atakayetaka kunakili, pamoja na uamuzi mmoja ambao bado unatugawa: mganga aliyelala garini kabla ya Kisumu, barafu ikiwa imebakiza dakika chache, nani anayelipia samaki?

Wenu katika mchezo,

Mchezaji wa Bondo